Kutoka kwaya hadi vikombe vya chai

Dada, umeuliza kama mchungaji amekudharau kwa kukutoa kwenye kwaya na kukupa kazi ya kupanga viti na kuosha vikombe vya chai hapo kanisani kwenu Kayole. Sidhani. Soma Marko 10 kuanzia mstari wa 35: Yakobo na Yohana waliomba kuketi kulia na kushoto kwa Yesu, wale wanafunzi wengine kumi wakakasirika (nao walivitaka viti hivyo, naona mimi). Yesu akawaambia anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wao. Na katika Yohana 13 akajifunga taulo kiunoni, akawaosha miguu, Yuda akiwemo.

Ila kama wanaume wa kanisa wanakunywa chai na kuacha vikombe mezani, hilo mwambie mchungaji waziwazi. Hata wao wanaitwa kutumika.