Ukitaka Kumwandika Mpeleka Barua

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na mpeleka barua aliyepiga hodi, akamkabidhi mjane bahasha yenye habari za msiba, kisha akapanda baiskeli yake na asionekane tena hadi mwisho wa kisa. Mhariri aliyeisoma aliniuliza maswali mawili: huyu mtu ni nani, na katika kijiji hicho cha Tanzania alifikaje mlangoni?

Swali la pili ndilo lililonifunza zaidi. Mhusika huyo nilimwazima kutoka riwaya za Uingereza, ambako barua hupelekwa hadi nyumbani, ilhali mimi nilikulia mahali ambapo anwani ni S.L.P. Barua zetu zilipitia sanduku la posta la shule. Mwalimu aliyasoma majina mstarini asubuhi, na mtoto aliyeitwa akaibeba bahasha hadi nyumbani ndani ya daftari. Kwingine kazi hiyo aliifanya kondakta wa basi au mwenye duka. Watu hawa wana utajiri mkubwa kwa mwandishi, kwa kuwa mtoto anayemsomea barua bibi yake asiyejua kusoma anaweza kuruka sentensi moja, na sentensi hiyo ikabadili maisha ya ukoo mzima. Kwa hiyo, kabla hujaandika kisa cha miaka ya 1980, jiulize ufunguo wa sanduku uko mfukoni mwa nani.

Kuhusu swali la kwanza, nakushauri usome kisa cha mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton kilichomo katika kitabu chake cha mwaka 1911, ambamo watu wanne wanaapa kwamba hakuna aliyeingia katika jengo moja la London, kumbe muuaji amepita mbele yao akiwa amevaa sare ya posta. Chesterton aliuona upofu wetu, akaujengea kisa. Antonio Skármeta wa Chile, katika riwaya yake ya mwaka 1985, alipita njia nyingine ninayoipenda zaidi: kijana anayempelekea mshairi Pablo Neruda barua ana tamaa zake mwenyewe, anapenda, na anaomba afundishwe maneno ya kumwambia msichana. Barua zinamfikisha mlangoni, lakini kinachotufanya tuendelee kusoma ni haja yake.

Hadithi yangu niliiandika upya. Bahasha sasa inabebwa na binti wa darasa la tano, ambaye majirani wanamwona akiipita nyumba ya mjane mara mbili kabla hajapiga hodi.