Nambari ya chupa imeshuka, nikotini je?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu sigara za kielektroniki, au vepu kama wengi wenu mnavyoandika, na hasa namna ya kupunguza nikotini hatua kwa hatua. Nimechagua chache.

Natumia ya tano. Nishuke hadi ngapi? (Msomaji, Umoja)

Tano nini? Swali hili hunijia kila mwezi na nimechoka nalo. Asilimia 5 ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita, ilhali miligramu 5 ni sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho. Muuzaji anayekuambia "hii ni tano tu, bosi" huenda anakupa nguvu inayozidi mara mbili kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya, yaani miligramu 20. Haikuunguzi koo kwa sababu nikotini yake ni ya chumvi, iliyotiwa asidi ili ipite kwa ulaini, na koo lisilolalamika si ushahidi kwamba umevuta kidogo. Soma pakiti, kisha uniandikie tena.

Niliacha sigara mwaka jana. Mwezi uliopita nilishuka kutoka 12 hadi 6, lakini sasa chupa inaisha upesi na koo linanikauka. Je, mwili unazoea? (Msomaji, Kasarani)

Mwili haujazoea, unajifidia. Aliyezoea kiasi fulani cha nikotini hukitafuta bila kujijua: huvuta pumzi ndefu zaidi, hurudia mara nyingi zaidi, na kifaa chake kikiruhusu huongeza wati, yaani nguvu ya umeme inayopasha kimiminika. Hebu tupige hesabu. Ikiwa ulikuwa ukimaliza mililita 3 za miligramu 12 kwa siku, hizo zilikuwa na miligramu 36 za nikotini. Ikiwa leo unamaliza mililita 7 za miligramu 6, zina miligramu 42, na fedha ulizotoa ni zaidi ya maradufu. Mwaka 2018 watafiti wa London South Bank University walieleza kwamba watumiaji waliopewa kimiminika cha nikotini ndogo walivuta zaidi, na kwamba huenda hali hiyo huwaongezea pia formaldehaidi, kemikali yenye sumu, mwilini.

Nami nilinaswa na mtego huohuo. Niliposhuka kutoka 18 hadi 12 nilijisifu mtaa mzima, mpaka siku nilipobandika kipande cha plasta kwenye chupa ya mililita 30 na kuandika kwa kalamu tarehe ya kuifungua. Chupa za awali zilikuwa zikinitosha siku kumi. Hiyo iliisha siku ya tano. Kwa hiyo rudi kwenye 9, ambayo utaipata kwa kuchanganya sawa kwa sawa hizo 12 na 6 ulizo nazo, jaza tangi kwa kipimo kilekile kila asubuhi, usiguse wati, wala usishuke tena kabla mililita zako za siku hazijatulia kwa wiki mbili au tatu.

Naweza kuchanganya nyumbani ya 6 na isiyo na nikotini? (Msomaji, South B)

Unaweza, mradi chupa zote mbili ziwe na lebo: mililita 20 za miligramu 6 ukitia mililita 10 zisizo na nikotini unapata 4, na sawa kwa sawa unapata 3. Usinunue nikotini kali ya kuzimuliwa, hasa ile inayouzwa katika chupa isiyo na maandishi. Hukuuliza, lakini nitasema: chupa ya mililita 30 ya miligramu 20 ina miligramu 600 za nikotini, inanukia embe, na nimewahi kuiona katika jiko la rafiki yangu ikiwa kando ya rangi ya keki, mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu akipanda kiti anaifikia. Ifungie kabatini, na ikikumwagikia ngozini nawa mara moja.

Mwanangu wa miaka 16 anavuta. Nimnunulie yenye nguvu ndogo ili aache polepole? (Mama, Buruburu)

Hapana, mama. Ngazi hii ni ya mtu mzima aliyetoka kwenye sigara, si ya mwanafunzi ambaye ubongo wake bado unakua na ambaye pengine hajawahi kuwasha sigara. Usimnunulie, wala usimpige. Mpeleke kwa daktari, au piga simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Anayemuuzia getini namwona mhalifu, hata akijificha nyuma ya ladha ya tikiti maji.

Niko kwenye 3. Lini niende sifuri? (Msomaji, Rongai)

Siku utakapoweza kukaa kwenye foleni ya matatu kutoka Rongai hadi mjini bila kupapasa mfuko. Siku chache za kwanza utakuwa na hasira na usingizi utakuruka. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Tangu nishuke hadi 6, Ijumaa navuta sigara mbili tu na wenzangu. Kuna neno? (Msomaji, Kilimani)

Lipo: rudi leo kwenye nguvu uliyokuwa nayo kabla ya kushuka hadi 6, wakati hukuwa ukihitaji sigara hizo mbili.