Kabaka, Kyabazinga na mailo: majibu yenu ya wiki hii

*Nani mkubwa, Kabaka ama Rais?*
Jamani, hili nimelijibu mara ngapi? Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua Kabaka, mfalme wa Buganda, kama kiongozi wa kitamaduni, siasa za vyama haruhusiwi na serikali hana. Serikali ni ya Rais, basi. Mnaochanganya mmebaki 1963, wakati Mutesa wa pili alikuwa Kabaka na Rais pamoja, na mwisho wake tunaujua, 1966 jeshi likavamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, yeye akakimbilia Uingereza, akafia London 1969. Msirudishe ile fujo kwa midomo.

*Katikkiro ni waziri mkuu?*
Wa Buganda, ndiyo. Si wa Uganda.

*Kyabazinga ni mfalme wa kurithi kama Kabaka?*
Hapana, ni kiongozi wa kitamaduni wa Busoga, na acheni kumwita "Kabaka wa Busoga", Wasoga wanaumia na wana haki. Cheo chenyewe ni cha 1939, zamani kila chifu alikuwa na eneo lake. Kyabazinga anachaguliwa kutoka kwa familia za watawala.

*Neno mailo limetoka wapi? Naulizia shamba la babangu.*
Limetoka kwa maili ya Kizungu, na mailo ni ardhi ya kumiliki kabisa kwa hati. Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza ulisainiwa na walezi wa Daudi Chwa, maana Kabaka mwenyewe alikuwa mtoto mdogo hajafika hata miaka minne, na ndani yake ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba: Kabaka 350, machifu na wakubwa wengine kama elfu moja hivi wakapata 8,000. Mkulima aliyekuwa analima pale tangu babu yake akaamka ni mpangaji kwenye shamba lake. Hilo ndilo jeraha la Buganda mpaka leo, kesi za ardhi nyingi mnazoziona mizizi yake iko pale. Sasa ndugu yangu, hukuniuliza lakini nakwambia: kibanja si mailo! Anayekuuzia kibanja anakuuzia haki ya kukaa tu, na bila idhini ya mwenye mailo umetupa pesa. Usilipe kwa sababu LC, yaani mwenyekiti wa kijiji, amepiga muhuri, nenda ofisi ya ardhi uangalie hati iko kwa jina la nani, kisha ukamtafute huyo mwenye jina. Nimeona wajane wanafukuzwa na karatasi mkononi.

*Ankole mbona hawana mfalme?*
Wafalme walifutwa 1967, wakarudishwa 1993, Omugabe, mfalme wa Ankole, akaachwa nje. Wanyankole wenyewe hawajakubaliana.