Geti linalipa, bomba linalipa zaidi

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kazi gani inayomlipa mtu vizuri bila kuwa na digrii. Najua wengi watataja udereva wa malori na ufundi simu. Mimi nataja kuchomelea vyuma, ila si kuchomelea kokote. Nazungumzia mabomba.

Hapa Tanga, kama miji yote, vijana wa mageti na grili wapo kila mtaa. Wote wanaijua kazi, na kwa kuwa wote wanaijua, mteja anavuta bei chini mpaka fundi anabakiwa na hela ya umeme na rodi. Bomba la gesi, mafuta au mvuke halina masihara hayo. Likipasuka linaua. Ndiyo maana mkandarasi haangalii picha za kazi kwenye simu yako wala hasikilizi sifa zako. Anakupa mtihani.

Vipande viwili vya bomba vinafungwa kwenye stendi vikiwa vimeinama nyuzi 45, na ni marufuku kuvizungusha. Bomba limetulia, wewe ndiye unayezunguka. Unaanza chini umepiga goti na shingo umeipinda, unapanda nalo hadi juu. Kinachowaangusha wengi ni ruti, mstari wa kwanza wa ndani kabisa: ukikimbia, chuma hakishikani, ukizubaa, umetoboa. Juu ya ruti unapanga mistari mingine, kila mmoja ukiusafisha kwa grainda na brashi kabla ya unaofuata. Ukimaliza, mkaguzi anamulika tochi ndani ya bomba, kimya. Kisha linapigwa eksirei, au linakatwa vipande vyembamba vinavyokunjwa kwa mashine hadi viwe kama herufi U. Kwenye vipande vilivyokunjwa, ukionekana ufa unaozidi milimita 3 kwenye mshono, umeanguka. Hakuna anayeuliza ulisoma wapi.

Mtihani huo unaitwa 6G. Ukiupita unaruhusiwa kuunga bomba lililokaa mkao wowote, na hapo ndipo pesa ilipo. Nimefanya kazi chini ya wahandisi vijana wenye digrii zao ambao mwisho wa mwezi nilikuwa nawazidi, na wenyewe walijua.

Msisome hapo mkaishia. Kwa kanuni za Kimarekani zinazofuatwa kwenye miradi mingi, ukipitisha miezi 6 bila kuchomelea kwa njia uliyofanyia mtihani, cheti kimekufa, unarudi kwenye stendi. Na kazi ni za msimu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na wapo vijana waliodhani litawalisha hadi uzeeni. Ujenzi wa bomba una mwisho. Baada yake unatafuta matangi, meli, au kiwanda cha saruji kinaposimamisha tanuri kwa matengenezo: kazi usiku na mchana kwa wiki kadhaa, halafu kimya. Asiyejua kutunza hela atawaambia kazi hii hailipi, na kwake ni kweli.

Wanaosema haihitaji shule nao wanawadanganya watoto wa watu. Saiti unapewa karatasi ya maelekezo, mara nyingi kwa Kiingereza: aina ya rodi, kiwango cha umeme, bomba lipashwe joto kiasi gani kabla ya kuanza. Rodi za 7018, aina isiyotaka unyevu, zikishafunguliwa zinakaa kwenye oveni, kwa sababu unyevu unaingiza haidrojeni kwenye mshono, na nyufa zake zinaweza kutokea kazi ikiwa imeshapoa. Mtaani rodi hizohizo zinashinda kwenye boksi lililo wazi, na geti halilalamiki. Na jamani, maziwa tunayokunywa baada ya kuchomelea hayasafishi moshi kifuani. Vaeni barakoa ya kazi.

Pa kuanzia ni VETA, yenye vyeti vya ufundi stadi ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Aliyejifunzia chini ya mwembe hajaachwa: upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachokijua tayari na kupewa cheti. Cheti hicho kinakufikisha getini kwa mkandarasi. Mtihani wa bomba bado unakusubiri. Kwa mafundi umeme mambo ni hayohayo. Anayejua kutandaza waya bila leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, anaishia kumtegemea mwenye mhuri, na mwenye mhuri anachukua chake.

Mzazi unayetaka kumpeleka mwanao chuo chochote, kabla ya kulipa ada omba uoneshwe karakana siku ya kazi. Angalia kwenye pipa la vyuma chakavu. Ukikuta vipande vya bomba vilivyochomelewa na kukatwa, watoto wanafanya mazoezi. Ukikuta mashine zimefunikwa turubai na wanafunzi wako darasani wananakili ubaoni, hela yako irudishe mfukoni.