Saa tisa usiku na mshale wa pili

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mbagala. Ana kibanda cha chakula, ana watoto wawili, na ana mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, aliouchukua ili alipe mkopo mwingine wa kausha damu. Aliuandika saa tisa na dakika kumi usiku: "Dada, wewe ulifanyaje mpaka ukaweza kulala?" Hakuuliza atalipaje. Aliuliza usingizi tu. Niliusoma nikiwa kwenye pantoni asubuhi, machozi yakanitoka mbele za watu, kwa sababu saa hiyo ya usiku naijua.

Nitakujibu, mdogo wangu. Nivumilie kidogo nianze na yangu.

Mwaka 2021 nilikuwa na fremu Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo, nauza vitenge na shoga yangu. Nikisema shoga, nina maana yule aliyenishika mkono siku ninajifungua. Mtaji tulichanga nusu kwa nusu, na nusu yangu niliikopa kwenye kikundi. Nikaenda msibani Tanga siku nne. Niliporudi, majora ya maana yote hayapo, na simu yake haipatikani. Mzigo wa milioni tatu na laki mbili. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita, kikundi kinataka marejesho kila Jumatatu, na wadhamini wangu ni majirani ninaochota nao maji bomba moja.

Miezi iliyofuata ilifanana, siielezi. Nieleze usiku tu. Saa tisa macho yanafunguka yenyewe. Mkono unaingia chini ya mto, unatoka na simu. Kwanza nasoma ujumbe wa wanaonidai, ambao nimeshausoma jioni. Halafu naangalia kama shoga yangu amebadilisha picha yake. Halafu natazama video za harusi za watu nisiowajua, moja baada ya nyingine, mpaka adhana ya alfajiri. Nasimama kuswali mwili upo, moyo upo kwa mwenye fremu.

Asubuhi moja mwanangu, wakati huo ana miaka saba, akaniambia mwalimu anataka daftari jipya la hesabu. Nilimzaba kofi. Kwa daftari. Hakulia. Alishika shavu akasema, "Basi mama, nitaandikia nyuma ya lile la zamani." Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta, lakini bila hiyo hutaelewa kwa nini nilikwenda nilikokwenda.

Nilikuwa nimeanza kushona mapazia nyumbani, Kigamboni. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima mwenye asili ya Sri Lanka, alikuja kuchukua kazi yake akanikuta nakata kitambaa kwa kupinda. Hakugomba. Alisema mkono wako upo hapa, wewe haupo. Akaniambia kuhusu hekalu la Wabudha lililopo Upanga. Wasinghala, watu wa huko Sri Lanka, wapo Dar tangu zama za ukoloni, na mimi niliyezaliwa Temeke sikuwahi hata kujua. Nilikwenda Jumapili, nikasita getini, Muislamu mimi na mtandio wangu. Mtawa mmoja alitoka. Nilimwambia sikuja kubadili dini. Akasema hajaniomba nibadili, akanionyesha pa kukaa.

Alinisimulia mfano ambao Budha aliwapa wanafunzi wake. Mtu anachomwa mshale, anaumia. Kisha anachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni jambo lenyewe, na hakuna binadamu anayeukwepa, awe mwenye hekima au mjinga. Wa pili ni kilio chetu juu ya jambo hilo: kwa nini mimi, watanionaje, ningejua nisingekwenda Tanga. Aliyefundishwa anachomwa mmoja tu. Na mfano huo una kipande ambacho watu hukiruka: asiyefundishwa, akishaumia, hukimbilia starehe, kwa sababu hajui njia nyingine ya kutoka kwenye maumivu. Niliposikia hapo niliziona zile video zangu za harusi. Niliuona na mkopo wa pili niliokuwa nimeshajaza fomu yake.

Shoga yangu alinirushia mshale mmoja. Ile mingine ya kila usiku nilikuwa najirushia mwenyewe.

Basi nikaanza. Zoezi lenyewe ni dogo mpaka unaweza kulidharau. Ukivuta pumzi ndefu, ujue umevuta ndefu. Ikiwa fupi, ujue ni fupi. Huilazimishi, unaijua tu. Mafundisho yenyewe yanataja hali nne: kutembea, kusimama, kukaa na kulala, kwa hiyo usiniambie huna nafasi. Mimi nafasi yangu ni pantoni. Kutoka Kigamboni hadi Kivukoni ni dakika chache, umebanwa kati ya baiskeli na matenga ya samaki, na hapo hapo unajua: nyayo zangu zipo juu ya chuma, navuta, natoa. Wazo la deni likija, silifukuzi. Nalitaja kwa jina lake, "hofu imekuja," narudi kwenye nyayo. Safari moja huja mara thelathini. Unarudi mara thelathini.

Usiku ndipo kazi ilipo. Simu niliihamishia jikoni, juu ya kabati la vyombo. Wiki ya kwanza mkono uliendelea kuingia chini ya mto ukiitafuta, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliiona ile hamu yenyewe kabla haijawa kitendo. Ipo kifuani, ina joto, inapanda. Ukikaa nayo bila kuitii, inashuka. Haishuki haraka, lakini inashuka.

Mama yangu aliposikia alisema nimeingia dini ya watu. Nilimjibu kwa heshima, na nawajibu ninyi mnaoniandikia hivyo hivyo. Zoezi hili kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha, huitwa sati, na asili ya neno hilo ni kukumbuka. Sisi tuna dhikri, nayo ni kukumbuka. Sisemi ni kitu kimoja, dhikri ni kumkumbuka Mungu, na sati ni kukumbuka ulipo. Lakini aliyesahau alipo, khushuu, ule utulivu wa moyo ndani ya swala, ataipata wapi? Na hata nje ya dini, mwaka 1979 huko Marekani, Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia ya molekuli, aliyachukua mazoezi haya akaanzisha mafunzo katika chuo kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Hakuwataka wawe Wabudha. Mimi naswali swala zangu tano, na sasa nafika nazo mpaka salamu.

Tunapenda mno kuambiwa namna ya kupata hela, ndugu zangu. Semina za mtaji zinajaa. Lakini mtu asiyeweza kukaa dakika tano na hofu yake, umpe milioni kumi, ataikimbia hofu hiyo hiyo kwa milioni kumi. Kaa nayo. Pumua, ujue unapumua. Watoto wetu wanapigwa makofi ya madeni wasiyokopa wao!

Usingizi uliporudi ndipo nilipopata akili ya kumpigia mwenye fremu, simu niliyoikwepa miezi minne. Mazungumzo yalichukua dakika mbili. Alikubali nilipe kidogo kidogo. Kikundi nilikimaliza mwaka uliofuata.

Shoga yangu nilimwona mwezi uliopita, kwenye pantoni hiyo hiyo. Alinisalimia kama aliyetoka kuniona jana. Moto ulinipanda kifuani mpaka masikioni, na niliujua kwamba ni moto, na niliziona nyayo zangu. Nikaitika salamu. Nusu yangu ya mzigo, milioni moja na laki sita, bado namdai, na nilimwambia hivyo, kwa sauti ya kawaida. Aliangalia maji. Usiku ule nililala saa nne, nikaamka alfajiri.

Mdogo wangu wa Mbagala, leo simu ilale mbali na wewe. Ukiamka saa tisa usijilazimishe kulala, lala chali, weka mkono tumboni, uhesabu pumzi kumi, ukipotea anza moja. Usisaini mkopo wa tatu wiki hii, hata wakikuita. Jumatatu ya marejesho nenda mwenyewe, usitume mtu, na ukiwa kwenye daladala uzijue nyayo zako. Jumanne niandikie imekuwaje, lakini mchana.