Maswali ya Wasomaji: Vimeng'enya vya mafuta na uotaji wa neva

Mama anatumia vidonge vya vimeng'enya vya kongosho tangu afanyiwe upasuaji. Nimesoma kwamba vimeng'enya vya mafuta huchipusha neva. Je, vitamwondolea na ganzi ya miguu? – Msomaji, Tanga

Hapana. Vidonge hivyo hufanya kazi ndani ya utumbo, kisha navyo humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Havifiki kwenye neva. Mama aendelee kuvimeza wakati wa kula, si muda mrefu baada ya chakula, maana vikichelewa mafuta yatakuwa yameshapita.

Ulichosoma kinahusu ukoo mwingine, fosfolipasi A2 zinazotolewa nje ya seli. Binadamu ana takribani aina 10. Mojawapo hutoka kongosho kweli, lakini nyingine hutolewa na tishu mbalimbali, seli za neva zikiwemo. Hukata fosfolipidi, yaani mafuta yanayojenga utando wa seli, na kila mkato huacha vipande viwili: asidi ya mafuta na lisofosfolipidi. Vipande hivyo ndivyo vinavyoamua neva iote au ife.

Uzi wa neva haurefuki bila kuongezewa utando. Asidi ya arakidoniki na DHA, ambazo ni asidi za mafuta, hushika protini iitwayo sintaksini 3, na vifuko vilivyo ndani ya seli hupata kuungana na utando wa nje na kuupanua. Lisofosfatidilikolini, ambayo ni aina ya lisofosfolipidi, nayo ikiwa kidogo huamsha ishara ndani ya seli. Fosfolipasi ya kundi la X imeonyeshwa kuchipusha seli za maabara kwa njia hiyo. Kundi la III la binadamu, ambalo sehemu yake ya kati inafanana na kimeng'enya cha sumu ya nyuki, limeonekana kurefusha neva na kuzisaidia zisife. Lakini lisofosfatidilikolini ikizidi huyeyusha utando kama sabuni. Watafiti hata huidunga kwenye uti wa mgongo wa panya ili kuvua mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, makusudi.

Ninajaribu fosfolipasi A2 ya nyuki kwenye seli za PC12 (seli za uvimbe wa panya zinazotumika maabara kama mfano wa neva). Mara hazichipui kabisa, mara zinakufa zote. Tatizo ni nini? – Mwanafunzi, Morogoro

Tuanze na vifo. Karibu nusu ya uzito wa sumu kavu ya nyuki ni melitini, peptidi inayotoboa seli. Fosfolipasi ni kama asilimia 12 tu. Kimeng'enya kisiposafishwa vizuri, unachopima ni melitini. Pima pia LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli, kinachovuja kwenye maji ya kuoteshea seli zikitoboka: kikipanda, hizo nyuzi unazoziona usizihesabu.

Kutochipua kuna sababu mbili zinazosahaulika sana. Ya kwanza ni kalsiamu. Fosfolipasi hizi huihitaji kwa kiwango cha milimola kwa lita, na maji ya kuoteshea ya RPMI 1640 yana takribani milimola 0.4 tu, wakati yale ya DMEM yana 1.8. Ya pili ni seramu: albumini yake hunasa asidi za mafuta na lisofosfatidilikolini kabla hazijaigusa seli. Punguza seramu hadi asilimia 0.5 au 1, na usibadilishe chupa ya seramu katikati ya jaribio.

Paka kolajeni kwenye sahani. PC12 hupenda kujikusanya mafungu, basi zipitishe taratibu kwenye sindano ya namba 22, kisha panda seli 10,000 hadi 20,000 kwa sentimita mraba. Zikibanana huwezi kujua uzi ni wa nani. Sahani moja isiwekwe kitu. Nyingine iwekwe NGF, protini inayojulikana kwa kuchipusha neva, nanogramu 50 hadi 100 kwa mililita. Ikiwa hata NGF haichipushi baada ya siku 3 hadi 7, seli zako zimechoka. Rudi kwenye akiba ya zamani. Uzi uhesabiwe ukifikia urefu wa mwili wa seli au zaidi, na anayehesabu asijue sahani ipi ni ipi.

Kimeng'enya kilichochemshwa si kidhibiti, yaani sahani ya kulinganishia, cha kutegemea. Vifungo vingi vya salfa hukifanya kimeng'enya hiki kistahimili joto na kurudi kazini kikipoa. Ziba kitovu chake, yaani sehemu inayokata fosfolipidi, kwa kemikali ya bromofenasili bromidi, kisha ondoa masalia kwa dayalisisi (kuchuja kupitia utando), la sivyo masalia hayo yataua seli. Kuondoa kalsiamu kwa EGTA, kemikali inayoinasa, nako kunapotosha, kwa kuwa seli hubanduka na milango yake ya kalsiamu hukosa cha kupitisha. Sahani ya mwisho iwe na lisofosfatidilikolini pekee. Ikichipusha bila kimeng'enya, umepata dalili ya njia inayotumika.

Basi mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi ajichomeshe nyuki? – Msomaji, Mombasa

Asijaribu. Katika sahani dozi hupimwa. Kwenye ngozi melitini huja pamoja na fosfolipasi, na fosfolipasi hiyohiyo ni miongoni mwa vichochezi vikuu vya mzio wa nyuki, ambao unaweza kuziba njia ya hewa na kuua kwa dakika chache. Tena kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo dogo. Aangalie sukari yake, akague nyayo kila jioni, na kama ametumia metformin kwa miaka mingi aombe kupimwa vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huleta ganzi ileile.