Sabuni Nayo Husikia Baridi

Juzi dada mmoja wa Makete kaniandikia: "Da' mkubwa, sabuni yangu imeota unga mweupe juu, na nikiikata naona duara katikati kama kiini cha yai. Nimekosea kostiki?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Duara hilo nalijua.

Sabuni ya kukoroga bila kupika, mafuta na kostiki (ile soda kali inayoyageuza kuwa sabuni), nilijifunzia Dar. Kule ukishamimina unaiacha mezani, kesho unakata. Nikaolewa Njombe, kwenye baridi. Julai ya kwanza nikakoroga kilo 6 za mafuta, nazi na mawese, boksi nikaliacha kwenye sakafu ya saruji, mimi nikajifunika mablanketi mawili. Nilipokata, kingo zilikuwa zimepauka na kumomonyoka, katikati rangi imekolea. Nikajipa moyo. Baada ya wiki 5 nikampelekea mama aliyeniagiza vipande 52. Akakigeuzageuza kimoja, akauliza mbele ya wateja: "Hii sabuni au andazi bichi?" Duka lile silipiti mpaka leo.

Na kostiki nilipima sawasawa! Mafuta na kostiki vikikutana hutoa joto lao wenyewe. Baridi inaliiba pembeni, katikati panabaki na moto. Unga ule juu ni magadi tu, kostiki iliyokutana na hewa kabla haijamalizana na mafuta.

Basi funika, jamani. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo usimimine kostiki kwenye mafuta ya baridi ukaona uji umekuwa mzito ukadhani tayari. Mimi huanza kwenye nyuzi 40 hivi. Boksi naliweka juani kwanza, nikishamimina nalifunika kwa kadibodi, nalizungushia blanketi, nalipandisha juu ya stuli. Saa 24, hakuna kuchungulia. Mnataka lebo, mnataka supamaketi, blanketi moja mnaona gharama? Funikeni!

Ila ya asali au maziwa usiifunike, hiyo huchemka yenyewe. Yangu ilipasuka mgongo ikafurikia blanketi la mama mkwe, na hayo ni ya siku nyingine.

Dada wa Makete, usizitupe. Kwangua huo unga, ziache zikauke wiki 6, ogea mwenyewe. Zile 52 zangu tulizimaliza hapa nyumbani, na zilitoa povu vizuri tu.